Taa ya Kumi na Nne

Ni saa moja kasorobo asubuhi, na ukungu umelala juu ya kiwanja kimoja cha ndege nje ya mji wa Eldoret. Sylvia Kageha amesimama peke yake kando ya njia ya lami ambapo ndege hutua, mikono imezama mifukoni mwa koti, macho ameyafumba. Mtu asiyemjua angedhani anasali, au kwamba usingizi umemshinda akiwa wima.

Hasali wala hasinzii. Anayapumzisha macho kabla ya kuyafanyisha kazi.

Anayafumbua, anatazama mbele kwenye safu ya taa zilizopangwa ukingoni mwa njia, na midomo inaanza kucheza. Anafika tisa, anasita. Anageuka, anatazama nyasi karibu na buti zake, kisha anaanza upya. Safari hii anafika nane.

"Tower, nina taa nane," anasema kwenye redio ya mkononi.

"Nane. Asante, Mama," sauti ya kijana inajibu kutoka kwenye mnara wa kuongozea ndege, ambao uko hapo karibu lakini hauonekani.

Mbona nane, na mara ya kwanza alipata tisa?

"Ukipata tisa halafu upate nane, unasema nane," anatujibu sisi waandishi tuliosimama hatua chache nyuma yake. "Hiyo ya tisa si yako."

Juu ya ukungu, mngurumo wa ndege unazunguka. Unazunguka tena. Halafu unaanza kufifia kuelekea Nairobi, na kinachobaki ni sauti ya matone yakidondoka kutoka kwenye waya wa ua.

"Hiyo imeenda," Sylvia anasema. Hainui kichwa hata kidogo.

Sylvia ana miaka 58 na ni mwangalizi wa hali ya hewa. Siku nyingi kazi yake haina mambo mengi: anapima mvua iliyonyesha, anasoma joto, anatazama mawingu na upepo, anatuma ripoti. Ni asubuhi za baridi, hasa Juni na Julai, anapolazimika kutoka nje kuhesabu taa. Kutoka taa moja hadi nyingine ni mita sitini. Idadi anayoiona ndiyo inayomwambia rubani aliye angani atakuwa na umbali gani wa kuona akifika chini.

Viko viwanja duniani vyenye mitambo ya kufanya kazi hiyo, na ziko ndege zinazoweza kujitua zenyewe katika ukungu mzito, rubani akizisimamia tu. Hapa rubani hutua kwa mkono wake na jicho lake mwenyewe, na kwa hiyo lazima awe na kitu cha kuona.

Kapteni Wachira, rubani mstaafu ambaye siku hizi anafuga ng'ombe wa maziwa upande wa Sugoi, alitueleza kanuni yenyewe huku akitumiminia chai.

"Kuna milango miwili," alisema. "Wa kwanza ni ripoti. Kama mtu wa chini amesema umbali wa kuona haujafika kiwango changu, siruhusiwi hata kuanza ile hatua ya mwisho ya kushuka. Nazunguka huko juu nikingoja, ama narudi. Akisema umefika, nashuka. Mlango wa pili uko chini kabisa, kwa kimo tumekubaliana kabla. Tukifika hapo mwenzangu anaita, 'Minimum!' Kama sijaona taa, napandisha ndege saa hiyo hiyo. Hakuna kungoja kidogo, hakuna kuchungulia. Watu wengi wamekufa wakichungulia."

Kiwango chenyewe hubadilika kulingana na ndege na vifaa vinavyofanya kazi siku hiyo. Kwa ndege ambayo Sylvia hataisahau, kilikuwa mita mia nane. Kwa hesabu yake hizo ni taa kumi na nne. Kumi na tatu hazitoshi.

Huyu basi ndiye mwanamke ambaye wafanyabiashara wa Eldoret wamemlaani kwa miaka mingi bila kumjua jina. Ndege ikirudishwa, abiria hulaumu kampuni ya ndege, hulaumu serikali, na mwishowe hutokea mjuaji mmoja anayejua kwamba kuna mtu fulani huko chini aliyesema hapana. Sylvia ameshawasikia akiwa nyuma yao kwenye foleni ya supamaketi, akashika kikapu chake akaendelea kusogea.

"Mmoja alisema ati huyo ni mtu analala, akiamka anataja tu namba," anasimulia akicheka. "Nikataka kumwambia, baba, ni mimi, na sijalala. Lakini utaanzia wapi?"

Asubuhi hiyo ya taa nane tulikuwa na kibali na jaketi za manjano zinazoonekana kwa mbali, kwa hiyo alituacha tujaribu. Tulisimama pale pale alipokuwa amesimama, tukahesabu, tukapata taa kumi na moja. Akatuambia tufumbe macho, tugeuke, tutulie, kisha tuhesabu tena pole pole. Tukapata nane. Zile tatu nyingine tuliziona wazi kabisa, na hazikuwa zikionekana.

"Msijali, kila mtu hufanya hivyo," alisema. "Taa zimepangwa laini moja, si ndio? Sasa jicho likishapata hiyo laini, linaendelea nayo. Linajua taa iko pale, kwa hivyo linakuonyesha. Mgeni anakosea kidogo. Wenye wanaweza kukosea vibaya ni sisi tumekaa hapa miaka mingi, kwa sababu sisi tunazijua zote."

Ndiyo maana anafumba macho. Hakufundishwa hivyo chuoni, ni mazoea aliyojitungia mwenyewe. Anasema pia kwamba liko jambo moja linalolidanganya jicho kuliko mazoea, nalo ni kutaka. Alipolitaja neno hilo alibadilisha mazungumzo papo hapo, akatuuliza kama tumekunywa chai. Ilibidi turudi siku nyingine, nyumbani kwake, ndipo alimalize.

Sylvia alizaliwa Vihiga, kifungua mimba wa Mama Benta, mwanamke aliyeuza ndizi sokoni na kuongoza kwaya ya kina mama kanisani. Aliolewa na mwalimu, Mulongo, aliyefariki wakati mtoto wao wa pekee, Janice, alikuwa darasa la pili. Ajira ya serikali haikumngoja mjane apange mambo yake. Alihamishiwa Lodwar, halafu Garissa, na Janice akabaki Vihiga kwa nyanyake.

"Nilikuwa natuma nguo," anasema. "Nguo zilikuwa zinafika ndogo kila wakati, kwa sababu nilikuwa nanunua ile saizi nilimwacha nayo. Mama ananiambia kwa simu, 'Sylvia, huyu mtoto anakua.' Najua anakua. Lakini mimi nikifunga macho namwona ni yule mdogo."

Siku moja alipiga simu kwa jirani, mtoto akaitwa, akashika simu akauliza, "Ni auntie gani?"

Sylvia anaeleza hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma kipimo cha mvua. Alipopata uhamisho wa kuja Eldoret, Janice alikuwa tayari anamaliza shule ya upili. Alikuja kusomea uuguzi mjini, wakaishi pamoja katika nyumba ambayo Sylvia anaishi hadi leo, mtaani Kiplombe, na kidogo kidogo wakajuana. Walipika pamoja, walisukana nywele, waligombana kuhusu sauti ya redio. Sylvia anaiita miaka hiyo mizuri kuliko yote aliyopata. Halafu Janice akapata kazi Kanada, na hakuna mzazi ambaye angemzuia.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Julai, Mama Benta alilazwa katika hospitali moja mjini Eldoret. Moyo ulikuwa umechoka na maji yamejaa mapafuni. Daktari aliiambia familia ijiandae. Janice alikata tiketi siku hiyo hiyo, akatua Nairobi usiku, akapanda ndege ya kwanza ya asubuhi kuja Eldoret. Kwa barabara ingemchukua nusu siku, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba nyanyake alikuwa na nusu siku.

Sylvia alikuwa amekesha kando ya kitanda. Alfajiri dadake, Emmaculate, alimpokea ili yeye aende kazini, maana mwenzake wa zamu alikuwa mgonjwa na hapakuwa na mtu mwingine. Mpango wao ulikuwa rahisi. Ndege ingetua, Sylvia angeomba ruhusa ya dharura, na mama na mwana wangepanda teksi moja hadi wodini.

"Mama alikuwa bado anaongea," Sylvia anasema. "Aliniuliza, 'Msichana wangu amefika wapi?' Nikamwambia, 'Yuko karibu kupanda ndege, Mama. Saa moja hivi atakuwa hapa.' Akasema sawa."

Ukungu wa asubuhi hiyo haukuwa mzito sana. Ulikuwa ule unaoenda na kurudi, unaomchezea mtu. Ndege ilifika, ikaambiwa izunguke. Kijana wa mnarani alikuwa Kigen, huyo huyo tuliyemsikia kwenye redio. Alijua kabisa ni nani aliyekuwa ndani ya ndege ile, kwa sababu Sylvia alikuwa amemwambia walipokutana langoni.

"Rubani aliuliza hali mara tatu," Kigen alituambia. "Mara ya tatu nikamwambia Mama kwamba mafuta ya kungojea inaisha, hii ndio ya mwisho. Sikuongeza neno, kwa sababu hairuhusiwi. Lakini najua sauti yangu ilikuwa inamwomba. Hiyo bado inanisumbua."

Sylvia alihesabu. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Na baada ya kumi na tatu, kumi na nne.

"Niliiona," anasema, na hapa ndipo sauti yake inapobadilika. "Wacha niwaambie ukweli, niliiona. Kadogo, imefifia, pale pale inakaa siku zote."

Alifumba macho, akageuka, akatazama nyasi. Aliporudi zilikuwa kumi na tatu. Akatazama tena, ikawapo. Akatazama tena, haipo.

"Nikajiuliza, Sylvia, kama ndani ya hiyo ndege hakungekuwa na mtoto wako, ungeiona? Na nikakosa jibu. Sasa kama siwezi kujibu hiyo, hiyo taa nitaipeana aje kwa mtu mwingine aitumie?"

Akabonyeza redio, akasema kumi na tatu.

Aliisikia ndege ikipita juu yake kwa mara ya mwisho. Anasema aliinua mkono kama mtu anayeaga, kisha akaona haya, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona, akaurudisha mfukoni.

Haikupita saa moja, ukungu ukainuka wote. Jua likawaka kwa nguvu, taa zikaonekana hadi mwisho wa njia, na mkata nyasi akatoka na mashine yake akipiga mluzi. Sylvia aliomba ruhusa ya dharura, akakimbilia hospitalini peke yake. Mama Benta aliuliza tena msichana wake amefika wapi. Alifariki kabla ya saa sita mchana.

Janice alifika jioni, kwa gari la kukodi kutoka Nairobi. Alipita kwenye korido bila kumsalimia mtu, akaingia wodini, akakuta kitanda kimetandikwa upya. Alipotoka alikuwa bado amevaa koti zito la huko alikotoka.

"Ni wewe ulikuwa kazini?" alimuuliza mamake.

"Ndio."

"Ulisema ngapi?"

Sylvia angeweza kusema sita. Angeweza kusema nne, na hakuna mtu hapo ambaye angejua. Alisema zilikuwa kumi na tatu, na zilizotakiwa ni kumi na nne. Akaeleza hata habari ya ile aliyoiona kisha asiione.

"Moja, Mama?" Janice akasema. "Moja tu? Na uliiona? Si ungemwacha rubani ashuke ajionee mwenyewe? Kwani yeye hana macho?"

Ni swali zuri. Sylvia amelibeba tangu siku hiyo.

Mazishini Vihiga habari zilikuwa zimeshafika kabla ya jeneza. Emmaculate, kwa uchungu wake, alimwambia mpishi mmoja kwamba dada mtu ndiye aliyerudisha ndege, na mpishi hana kazi nyingine isipokuwa kuongea na mpishi mwenzake. Wanawake waliomjua Sylvia tangu utotoni walimpakulia chakula bila kumtazama usoni. Janice alirudi Kanada matanga yalipoisha.

Tangu hapo simu zimekuwa za Krismasi na za siku ya kuzaliwa. Janice alipofunga ndoa huko, Sylvia aliziona picha kwenye simu ya Emmaculate. Mtoto alipozaliwa mwaka jana, habari zilipitia njia hiyo hiyo. Alipewa simu akaikodolea macho picha ya mjukuu wake, kisha akairudisha kwa mwenyewe akashukuru.

"Nilisema ni mzuri," anakumbuka. "Nikauliza anaitwa nani. Emmaculate akaniambia, 'Benta.' Nikatoka nje kidogo."

Nyumba yake ya Kiplombe ni ya chumba kimoja cha kulala na sebule, kodi shilingi elfu tisa kwa mwezi, na nyuma kuna kitalu cha sukuma wiki na kuku watatu. Ni safi mno. Viti vinne vimevishwa vitambaa vilivyoshonwa kwa mkono, na vitatu kati yake ni wazi havikaliwi na mtu.

Mtu anayeonana naye mara nyingi zaidi ni Virginia, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, ambaye majirani humwita Mama Ndungu. Virginia humwita Mama Ukungu, na kila asubuhi humuuliza kama leo amefunga anga au amefungua.

"Mimi humtania ili aongee," Virginia alisema. "Akinyamaza anaweza kunyamaza wiki. Huyo ananunua nusu mkate, ati mzima unamharibikia. Nikimwona anakuja nakata kabla hajaomba. Siku moja aliomba mzima, nikafurahi, nikadhani kuna mgeni. Hakukuwa na mgeni. Alikuwa tu amesahau."

Wakubwa wake kazini walimpongeza kwa uamuzi wa siku ile. Mmoja alimtaja kwenye mkutano wa mafunzo, bila kutaja jina, kama mfano wa mtu asiyeyumbishwa. Sylvia alikuwa amekaa safu ya nyuma. Watu walipopiga makofi, naye akapiga, maana angefanya nini?

Tulilipeleka swali la Janice kwa Kapteni Wachira. Kwani rubani hana macho?

"Anayo, lakini anashuka na ahadi," alijibu. "Ukiniambia taa zinaonekana, nikifika pale chini nitazitafuta mpaka nizione. Hata kama hazipo, nitaona kitu. Mimi nimewahi kuona taa ya mwanzo wa njia, kumbe ni balbu ya zizi la mtu. Mwenzangu ndiye alipiga kelele, tukapanda." Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani. "Lakini nisikudanganye. Kumi na tatu na kumi na nne ni jirani. Labda wangetua vizuri tu, na abiria wangepiga makofi. Huyo mama atakaa na hiyo labda, na sioni mtu wa kumwondolea."

Tulipomsimulia Sylvia maneno hayo alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuchambua hadi bakuli likajaa.

"Kwa hivyo hata yeye hajui," alisema. "Sawa. Mimi sitaki kuambiwa nilifanya vizuri. Nimeambiwa, na haikunisaidia. Nataka tu Janice ajue nilitaka afike kuliko vile yeye mwenyewe alitaka. Nilitaka sana mpaka nikaogopa macho yangu. Hakuna mahali pengine nitaisema hiyo isipokuwa kwake, na sijui nitaianza aje kwa simu ya Krismasi."

Mwezi wa Mei mwaka huu, Janice alituma ujumbe. Ulikuwa mfupi na wa adabu, kama ule unaotumwa kwa mwenye nyumba. Anakuja Julai na mtoto, ili familia ijengee kaburi la nyanya. Alitaja tarehe na ndege. Ni ile ile ya asubuhi.

Sylvia alitazama ratiba ya kazi. Asubuhi hiyo ilikuwa yake.

Kabla jua halijazama alikuwa ameshamwomba Wabuge, mwangalizi mwenzake, wabadilishane zamu. Wabuge ni mtu makini, amefanya kazi hiyo miaka kumi na zaidi, na hana ndugu kwenye ndege ile. Alikubali bila maswali.

"Wakirudishwa, warudishwe na mtu mwingine," Sylvia alituambia tulipomtembelea. Kisha akacheka, cheko la kujionea huruma. "Na pia jiulize, mjukuu wangu awe huko juu, na mimi nisimame pale nihesabu? Asubuhi hiyo mimi nitaona taa mpaka Kisumu."

Alimwandikia Janice kwamba asiwe na wasiwasi, Wabuge ndiye atakayeangalia ukungu, na yeye mamake atakuwa mlangoni kwa abiria wanaowasili, amevaa vizuri, hana redio mkononi. Tulipomwaga, Janice alikuwa hajajibu. Sylvia alitusindikiza hadi barabarani, halafu akarudi ndani na kuwasha redio ya mezani kwa sauti ya juu.

Tulikuwa karibu kuikamilisha makala hii wakati simu yetu ilipolia. Alikuwa Sylvia, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane naye maneno yalikuwa yakimtoka bila mpangilio. Janice alikuwa amepiga. Hakutuma ujumbe, alipiga, na walikaa kwenye simu hadi sikio likauma.

"Aliniambia kuna mzee alikuwa anamtunza huko hospitali ya kwao," Sylvia alisimulia. "Mzee akazima ghafla, na familia yake yote imesimama hapo mlangoni wakimwangalia Janice. Janice akaweka vidole kwa shingo ya mzee, akasema pigo liko. Anasema alilisikia kabisa. Mwenzake akaweka vidole, akasema hakuna kitu hapa, akaanza kumfinya kifua. Mzee akarudi. Yaani mwenzake angemsikiza Janice, huyo mzee angekufa na wote wamesimama hapo wakijua yuko sawa."

Hapo alipenga makamasi bila kuomba radhi.

"Akaniambia, 'Mama, nililisikia. Halikuwa hapo, na nililisikia, kwa sababu watoto wake walikuwa wananiangalia.' Anasema hiyo ilikuwa mwezi wa pili, na tangu hapo amekuwa akitafuta vile atanipigia, anashindwa. Ndiyo maana ule ujumbe wa kwanza ulikuwa mkavu hivyo. Tukakaa tu, nikimsikia mtoto anapiga kelele huko nyuma."

Kisha Janice alimuuliza huyo Wabuge ni nani. Sylvia akamweleza kwamba ni mtu mzuri, makini, asiye na haraka.

"Akasema, 'Sawa, ni mzuri. Lakini simjui. Nitakuwa na Benta kwa mapaja. Nataka uangalie wewe.'"

Sylvia alimuuliza itakuwaje taa zisipotosha.

"Akasema, 'Basi useme hazitoshi. Turudi Nairobi tupande gari. Mtoto atalala njiani, na jioni tutakuwa kwako.' Hivyo tu. Kama mtu anazungumza juu ya mvua."

Sylvia atastaafu baada ya miaka miwili. Ana shamba dogo Vihiga, karibu na kaburi la mamake, na anapanga kujenga huko nyumba yenye chumba cha wageni. Lakini hayo yalimtoka haraka haraka, kwa sababu tuliuliza, na ilikuwa wazi kwamba akili yake haikuwa kwenye matofali. Tulimuuliza amefanya nini baada ya kukata simu.

"Nililia, halafu nikapika," alisema. "Halafu nikaenda kwa Wabuge. Sasa naogopa kuliko pale mwanzo, siwadanganyi. Lakini nimemwambia anirudishie asubuhi yangu."